Jinsi ya Kupima Mchango wa Kiunzi cha Seli katika Usafirishaji wa Kolesteroli

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au mtafiti anayeanza, ambaye anaweza kukuza seli za wanyama maabara na kutumia hadubini ya fluoresensi, na ambaye anataka kujua kama nyuzi za kiunzi cha seli, yaani saitoskeletoni, zinahusika katika kuihamisha kolesteroli kutoka sehemu moja ya seli hadi nyingine. Jaribio linalomjia mtu kwanza ni kuvunja mikrotubuli, mojawapo ya nyuzi hizo, kwa dawa, kuzitia seli rangi ya filipini, ambayo hushika kolesteroli, kuzitazama, kisha kuandika kwamba kolesteroli imebadili mahali. Jaribio hilo lina thamani yake, lakini linajibu swali dogo kuliko lile lililoulizwa: linaonyesha kwamba oganeli zilizobeba kolesteroli zimehama, wala halionyeshi kwamba kolesteroli yenyewe imeshindwa kufika ilikokuwa ikienda. Oganeli inaweza kutawanyika huku kolesteroli ikiendelea kufika kama kawaida, na pia inaweza kubaki palepale huku kolesteroli ikikwama ndani yake. Kwa hiyo jaribio zuri hupima mambo mawili kwa pamoja, mahali ilipo oganeli na kiasi cha kolesteroli kilichofika, na kila hatua iliyoelezwa hapa chini inalenga kuyatenganisha hayo mawili.

Kuigawa safari kabla ya kugusa seli

Kolesteroli haiyeyuki katika maji, hivyo haiwezi kuelea peke yake katika saitoplazimu. Hubaki na njia mbili za kusafiri. Ya kwanza ni kubebwa ndani ya utando wa kifuko au wa oganeli inayotembea, na hapa ndipo mikrotubuli na mota zake, yaani protini zinazovuta mizigo juu yake, zinapohusika moja kwa moja. Ya pili ni kushikwa ndani ya protini yenye mfuko usiopenda maji, ambayo huitoa molekuli kwenye utando mmoja na kuiweka kwenye utando mwingine, mara nyingi mahali ambapo tando mbili zimekaribiana kwa umbali wa makumi machache ya nanomita. Njia hii ya pili haihitaji reli wala mota, lakini inahitaji tando hizo ziwe karibu, na ukaribu huo unaweza kutegemea kiunzi cha seli. Ndiyo maana swali la kama kiunzi cha seli kinahusika na kolesteroli halijibiki likiulizwa kwa jumla. Linajibika likiulizwa kuhusu kipande kimoja cha safari.

Kipande kinachojulikana zaidi ni cha kolesteroli inayotoka nje ya seli ndani ya LDL, chembe za mafuta na protini zinazobeba kolesteroli katika damu. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, walionyesha kwamba LDL hushikwa na kipokezi chake juu ya utando wa seli, huingizwa kupitia vishimo vilivyozungukwa na protini ya klathrini, kisha hufikishwa katika lisosomu. Humo kimeng'enya cha lipesi asidi hukata esta za kolesteroli (kolesteroli iliyounganishwa na asidi ya mafuta), na kolesteroli huru hupokewa na protini ya NPC2, ambayo huikabidhi kwa NPC1 iliyo katika utando wa lisosomu. Kutoka hapo kolesteroli huenda kwenye utando wa seli na kwenye retikulamu ya endoplazimu. Mtu mwenye hitilafu katika nakala zote mbili za moja ya jeni za protini hizo hupata ugonjwa wa Niemann-Pick aina ya C, ambapo kolesteroli hujazana katika lisosomu na katika endosomu za mwisho, yaani vifuko vinavyopeleka mizigo huko.

Vipande vingine vina tabia tofauti kabisa. Kolesteroli inayotengenezwa na seli yenyewe hutoka kwenye retikulamu kwenda kwenye utando wa seli, na mwaka 1985 Kaplan na Simoni, wakitumia seli za CHO (seli za ovari ya hamsta wa China), waliripoti kwamba safari hiyo inahitaji nishati na husimama kwenye nyuzijoto 15, lakini haikuathiriwa na kolchisini wala na saitokalasini B, yaani haikuathiriwa na dawa za kuvunja mikrotubuli wala za kuvuruga aktini. Kutoka kwenye utando wa seli kurudi kwenye retikulamu, protini za jamii ya GRAMD1, ziitwazo pia Aster, huihamisha kolesteroli katika sehemu tando hizo zinapogusana. Katika seli zinazotengeneza homoni za steroidi kipo kipande cha pekee, kutoka kwenye matone ya mafuta hadi utando wa ndani wa mitokondria, ambako protini ya StAR inahitajika. Anayeanza kazi hii achague kimoja kati ya vipande hivi na akiandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake la maabara. Anayetaka kuvipima vyote kwa pamoja huishia na picha nzuri zisizo na maana moja.

Nyuzi tatu na kazi zake

Mikrotubuli ni mirija yenye kipenyo cha nanomita 25 hivi, iliyojengwa kwa tubulini, na ina ncha mbili zisizofanana. Katika fibroblasti, ncha hasi hukusanyika karibu na sentrosomu, jirani na kiini, ilhali ncha chanya huelekea pembeni mwa seli. Daineini, ikishirikiana na dainaktini, huvuta mizigo kuelekea ncha hasi, na kinesini nyingi huivuta kuelekea ncha chanya. Nyuzi za aktini zina unene wa nanomita 7 hivi na hujaa zaidi chini ya utando wa seli. Nyuzi za kati, kama vile za vimentini, zina unene wa nanomita 10 hivi. Hazina ncha chanya wala hasi, na hakuna mota inayojulikana kutembea juu yake, lakini zinaweza kuzishikilia oganeli na matone ya mafuta mahali pake.

Kuna jambo moja ambalo kila mtafiti wa eneo hili anapaswa kulielewa kabla ya kusoma picha yake ya kwanza: kolesteroli nayo huamua mahali pa oganeli inayoibeba. Kwenye endosomu za mwisho, protini ya Rab7 pamoja na RILP huita daineini na dainaktini. Protini ya tatu, ORP1L, huhisi kiasi cha kolesteroli kilicho katika utando wa endosomu hiyo. Kolesteroli ikiwa nyingi, daineini hubaki imeshikamana na endosomu, nayo endosomu huvutwa hadi karibu na kiini. Ikiwa chache, ORP1L hubadili umbo, huigusa protini ya VAP iliyo kwenye retikulamu, na mguso huo huiondoa mota, hivyo endosomu hutawanyika kuelekea pembeni. Utaratibu huu ulielezwa mwaka 2009. Maana yake kwa kazi yetu ni kwamba endosomu zilizorundikana karibu na kiini zinaweza kuwa matokeo ya kolesteroli kukwama na si chanzo chake, na picha moja pekee haitakuambia ni lipi lililotangulia.

Kuchagua na kuandaa seli

Kwa kipande cha LDL, tumia fibroblasti za binadamu au seli za CHO. Fibroblasti ni bapa na nyembamba, hivyo oganeli zake huonekana bila kufunikana sana. Seli za CHO hukua haraka na zimetumika katika utafiti wa kolesteroli kwa muda mrefu, jambo linalorahisisha kulinganisha matokeo. Kwa kipande cha mitokondria zipo seli za MA-10, zinazotokana na uvimbe wa seli za Leydig za panya, na seli za Y-1 za tezi ya adrenali. Ukitaka kuchunguza vimentini, seli za SW-13 zina faida ya pekee: ni seli za binadamu ambazo baadhi ya klonizo zina vimentini na nyingine hazina. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba zile zisizo nayo zilikuwa dhaifu katika kuifanya kolesteroli ya LDL kuwa esta, ingawa zilikuwa na uwezo wa kuiingiza LDL yenyewe. Huo ni mfano mzuri wa kwa nini kila kipande kipimwe peke yake.

Siku moja hadi mbili kabla ya jaribio, ziweke seli katika kiowevu chenye seramu iliyoondolewa lipoproteini. Seli zikikosa kolesteroli ya nje huongeza vipokezi vya LDL na huanza kutengeneza kolesteroli yake zenyewe, kwa hiyo ongeza statini ya kuzuia utengenezaji huo pamoja na mevalonati kidogo (zao la hatua inayozuiwa na statini), mikromola 50 hivi, ili seli zipate mazao mengine ya njia hiyo ambayo haziwezi kuishi bila hayo. Usiipuuze mevalonati. Statini pekee huzuia pia kuunganishwa kwa mikia ya lipidi kwenye protini za Rho na Rab, nazo ndizo zinazoongoza aktini na mwendo wa vifuko. Utakuwa umevuruga kiunzi cha seli hata kabla ya kutia dawa yako. Baada ya njaa hiyo, zipe seli LDL kwa kiwango cha mikrogramu 50 za protini kwa kila mililita, na uanze kuhesabu muda.

Kuvunja nyuzi na kuhakikisha kwamba zimevunjika

Kwa mikrotubuli, nokodazoli inafaa kuliko kolchisini kwa sababu huondoka upesi ikioshwa, na uwezo huo wa kurudisha hali ya awali ni kipimo linganishi kisicho na gharama. Mikromola 10 hadi 33 hutosha kwa seli nyingi. Tatizo ni kwamba baadhi ya mikrotubuli, hasa zile ambazo tubulini yake imepata asetili, huistahimili dawa. Ukiziweka seli juu ya barafu kwa dakika 30 pamoja na dawa, kisha ukazirudisha kwenye nyuzijoto 37 dawa ikiwa bado imo, nyingi kati ya hizo sugu nazo huvunjika. Kundi linganishi lipitishwe barafuni vilevile, likiwa na kiyeyushi tu, kwa kawaida DMSO isiyozidi asilimia 0.1. Usizidishe muda wa saa mbili au tatu kama huna sababu maalumu, kwa kuwa seli zinazogawanyika zitaanza kusimama katika mitosisi, zitakuwa duara, na kila kipimo cha mahali kitapoteza maana.

Kwa aktini, latrunkulini A kwa mikromola 0.5 hadi 1 kwa dakika 30 hufanya kazi kwa kuzishika molekuli za aktini zilizo huru zisijiunge kuwa uzi, ilhali saitokalasini D huziba ncha za nyuzi zilizokwisha kujengeka. Ni vyema kutumia zote mbili, kwa sababu matokeo yanayotokea kwa dawa mbili zenye utendaji tofauti yana uzito kuliko yale ya dawa moja. Seli zitajikunja, hilo halizuiliki. Kwa mota, siliobrevini D huzuia daineini, lakini naiona kuwa ya kuanzia tu. Kuzidisha protini ya dainamitini ndani ya seli, ambako huvunja dainaktini, au kupunguza mota yenyewe kwa RNA fupi ya kunyamazisha jeni, hutoa ushahidi unaoaminika zaidi.

Dawa hizi zote ni sumu kwa binadamu kwa sababu hufanya katika seli zako kile kile zinachofanya katika seli za maabara. Vaa glavu, pima unga ndani ya kabati la kuvuta hewa, na uweke mabaki katika chombo cha taka za kemikali.

Kisha hakikisha kwamba nyuzi zimevunjika kweli, na ufanye hivyo kwenye kioo cha pembeni kilichopitia hatua zote, wala si kwenye kile utakachopakia filipini. Mikrotubuli huonekana vizuri sana seli zikigandishwa kwa methanoli ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri, lakini methanoli huyeyusha lipidi, hivyo huiondoa kolesteroli unayotaka kuitazama. Aktini hutaka paraformaldehaidi na faloidini, kishikio cha nyuzi za aktini chenye rangi, wala haionekani ipasavyo baada ya methanoli. Kwa hiyo kila hali ya jaribio huhitaji vioo vitatu: kimoja cha tubulini, kimoja cha aktini na kimoja cha kolesteroli. Wanaojaribu kubana matumizi kwa kuweka rangi zote juu ya kioo kimoja hulipa baadaye wanaposhindwa kueleza kwa nini kolesteroli imepungua.

Filipini

Filipini hutoka kwa bakteria aina ya Streptomyces filipinensis na hushika steroli zenye kikundi huru cha hidroksili katika kaboni ya tatu. Haizioni esta za kolesteroli, hivyo matone ya mafuta yaliyojaa esta hubaki giza; kwa hayo tumia rangi ya BODIPY 493/503. Filipini huamshwa na mwanga wa urujuanimno, takriban nanomita 340 hadi 380, na hufifia kwa kasi inayoudhi.

Osha seli kwa bufa ya fosfati, zigandishe kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4 iliyopashwa joto hadi nyuzijoto 37 kwa dakika 15 hadi 30, osha tena, kisha zima aldehaidi iliyobaki kwa glisini ya miligramu 1.5 kwa mililita kwa dakika 10. Tia filipini kwa mikrogramu 50 kwa mililita, katika bufa yenye seramu asilimia 10, kwa saa moja hadi mbili gizani. Usitumie Triton wala saponini. Triton huosha kolesteroli, saponini huishika, na filipini yenyewe hutoboa utando vya kutosha kuingia ndani. Myeyusho wa akiba huharibiwa na hewa na mwanga, hivyo ugawe katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja na uvihifadhi kwenye baridi kali.

Upigaji picha una nidhamu yake. Tafuta seli na urekebishe fokasi kwa kutumia rangi nyingine, kwa mfano kingamwili ya LAMP1 inayoonyesha lisosomu, kisha fungua mwanga wa filipini mara moja tu kwa muda uliopangwa. Kingamwili hiyo huweza kuwekwa pamoja na filipini ndani ya myeyusho uleule, kwa kuwa filipini huifungulia njia. Muda wa mwanga uwe mmoja kwa vioo vyote vya siku hiyo. Mtu mwingine afiche majina ya vioo kabla hujaanza kuchagua seli za kupiga picha, kwa sababu jicho linalojua jibu huchagua seli zinazolipa jibu hilo.

Katika kuchanganua picha, pima vitu viwili na usiviunganishe. Cha kwanza ni umbali wa lisosomu kutoka kwenye kiini. Hicho ni kipimo cha kiunzi cha seli na mota zake. Cha pili ni kiasi cha filipini kilicho ndani ya eneo la LAMP1 kikigawanywa kwa filipini ya seli nzima. Hicho ndicho kinachokaribia kipimo cha kolesteroli iliyokwama. Baada ya nokodazoli, kipimo cha kwanza hubadilika karibu kila mara, kwa kuwa lisosomu hutawanyika. La maana ni kama cha pili nacho kimebadilika. Kumbuka pia kwamba seli iliyojikunja huwa nene zaidi, na unene huongeza mwangaza katika hadubini ya kawaida hata kama kolesteroli haijaongezeka. Ndiyo sababu ninasisitiza uwiano badala ya mwangaza mtupu.

Kupima kufika

Hapa ndipo jaribio linapopata uzito wake, na ndipo wengi huliacha. Retikulamu ya endoplazimu ina kolesteroli kidogo sana ikilinganishwa na utando wa seli, na seli huitumia sehemu hiyo kupimia hali yake: kolesteroli inaposhuka chini ya asilimia 5 hivi ya lipidi za utando wa retikulamu, protini ya SREBP-2 husafirishwa hadi Golgi, hukatwa, na kipande chake huingia katika kiini kuwasha jeni za kipokezi cha LDL na za kutengeneza kolesteroli. Kinyume chake, kolesteroli ikifika kwa wingi, kimeng'enya cha ACAT kilicho katika retikulamu huiunganisha na asidi ya mafuta na kuifanya esta. Kwa hiyo una ishara mbili za kufika ambazo haziihitaji hadubini kabisa.

Ishara ya ACAT hupimwa kwa kuzipa seli asidi ya oleiki yenye kaboni-14, kutoa lipidi, kuzitenganisha kwa kromatografia ya tabaka jembamba, na kuhesabu mnururisho katika doa la oleati ya kolesteroli. Katika sahani nyingine zilizoandaliwa vilevile, tumia LDL ambayo esta zake za kolesteroli zimewekewa alama ya tritiamu, na upime ni kiasi gani kimekatwa kuwa kolesteroli huru. Sahani hizi za pili ndizo zinazoliokoa jaribio. Mikrotubuli zinahitajika katika kupeleka mizigo kutoka endosomu za mwanzo hadi endosomu za mwisho, hivyo zikivunjika LDL inaweza kuchelewa kufika kwenye lipesi. Ukiona esta mpya zimepungua kwa nusu, na ukataji wa esta za LDL nao umepungua kwa nusu, basi kilichozuiwa kiko kabla ya lisosomu, na huna haki ya kusema lolote kuhusu kutoka kwa kolesteroli. Ukataji ukiwa kamili huku esta mpya zikipungua, ndipo unapoweza kuzungumzia kipande cha kutoka lisosomu hadi retikulamu.

Bado kuna mwanya mmoja: dawa inaweza kuwa imeidhuru ACAT yenyewe. Ongeza 25-hidroksikolesteroli katika kundi moja. Steroli hii huichochea ACAT kuzifanya esta bila kusubiri kolesteroli ya LDL, hivyo kama esta zinapanda kama kawaida mbele ya nokodazoli, kimeng'enya kiko salama. Na ukitaka kukipima kipande cha kutoka utando wa seli hadi retikulamu, weka kimeng'enya cha sfingomielinesi nje ya seli. Hukata sfingomielini iliyokuwa ikiishikilia kolesteroli kwenye utando wa seli, nayo kolesteroli iliyoachiliwa huenda kwenye retikulamu, ambako ACAT na SREBP-2 huitikia. Kipande hicho kikiendelea vizuri bila mikrotubuli, hata kama kile cha LDL kimelegea, umekwisha kutenganisha njia mbili ambazo picha ya filipini ingezichanganya.

Ishara ya SREBP-2 hupimwa kwa kuangalia umbo lake lililokatwa kwa kingamwili au kwa kupima RNA za jeni zake. Tahadhari ni kwamba nokodazoli huivunja Golgi kuwa vipande vilivyotawanyika, na SREBP-2 hukatwa katika Golgi. Kwa hiyo kwa majaribio ya mikrotubuli naiamini ACAT zaidi, na SREBP-2 naitumia kama shahidi wa pili.

Kwa anayetaka kuiona kolesteroli ikitembea katika seli hai, dehidroagosteroli ni steroli yenye mwanga wake wa asili na hufanana sana na kolesteroli, ila inahitaji lenzi na kamera zinazopokea urujuanimno. Utafiti wa mwaka 2002 katika seli za CHO ulionyesha kwamba steroli hii hubadilishana kati ya utando wa seli na endosomu za kurudishia mizigo kwa nusu-muda wa dakika 2 hadi 3, na kwamba kupunguza ATP hakukuizuia, dalili ya njia isiyotumia vifuko. Kolesteroli iliyofungwa BODIPY ni rahisi kutazama na inafaa kwa maswali ya mwendo wa haraka. Ile iliyofungwa alama ya NBD siipendekezi, kwa sababu alama hiyo hubadili tabia ya molekuli na kuipeleka ambako kolesteroli ya asili haiendi.

Yanayodanganya

Nokodazoli haivunji mikrotubuli tu. Mikrotubuli zinapovunjika huachilia protini ya GEF-H1, ambayo huiwasha RhoA, na RhoA hukaza nyuzi za aktini na miosini. Pamoja na hayo, mtandao wa vimentini huporomoka kuelekea kiini. Dawa moja, nyuzi tatu zimeguswa. Namna ya kujikinga ni kuwa na kundi moja lenye nokodazoli pamoja na kizuiaji cha kinasi ya Rho (kimeng'enya kinachotumikia RhoA), na kundi jingine lenye taksoli, ambayo huziimarisha mikrotubuli badala ya kuzivunja. Athari inayobaki baada ya RhoA kuzuiwa ndiyo inayoweza kuhusishwa na mikrotubuli zenyewe.

Upande wa pili, methili-beta-saiklodekstrini, ambayo wengi huitumia kuondoa kolesteroli kwenye utando wa seli, huvuruga pia aktini iliyo chini ya utando huo. Ikitumika, iwe kwa dakika chache, na kundi linganishi lipewe saiklodekstrini ileile ikiwa imejazwa kolesteroli. Kizuiaji cha NPC1 kiitwacho U18666A kinafaa sana kama kielelezo cha kolesteroli iliyokwama. Weka kioo kimoja chake katika kila jaribio, ili ujue filipini yako inaonekanaje mambo yanapokwama kweli.

Seli za homoni

Katika seli za MA-10 na Y-1 kipimo cha kufika ni bora kuliko vyote vilivyotajwa, kwa sababu kolesteroli ikifika utando wa ndani wa mitokondria, kimeng'enya cha CYP11A1 huigeuza kuwa pregnenoloni, na zao la mwisho humwagwa nje ya seli. Unapima projesteroni au steroidi nyingine katika kiowevu, bila kuivunja seli. Chochea seli kwa homoni yake au kwa cAMP (molekuli ya ishara ndani ya seli) ya aina inayopenya utando, ukiwa na dawa ya aktini au bila dawa, kisha katika kundi jingine toa 22R-hidroksikolesteroli. Steroli hii hupenya hadi CYP11A1 bila msaada wa StAR. Ikiwa saitokalasini inapunguza steroidi zinazotokana na kichocheo lakini haipunguzi zile zinazotokana na 22R-hidroksikolesteroli, basi mashine ya mitokondria ni nzima na kilichokwama kiko kabla yake, ama katika kusafiri kwa kolesteroli, ama katika ishara ya homoni. Hilo la mwisho hutengwa kwa kupima StAR yenyewe: ikiwa imepanda sawasawa katika makundi yote mawili, ishara ilifika, na anayebaki kushukiwa ni usafirishaji wa kutoka kwenye matone ya mafuta.

Katika kuandika matokeo, taja kipande cha safari katika sentensi ileile inayotaja dawa, pamoja na kiwango, muda, na ushahidi kwamba nyuzi zilivunjika na kwamba zilirudi baada ya kuoshwa. Sentensi kama "nokodazoli kwa saa mbili ilipunguza uundaji wa esta kutokana na LDL bila kupunguza ukataji wa esta za LDL wala mwitikio wa 25-hidroksikolesteroli" ni ndefu na haina mvuto, lakini msomaji anaweza kuijaribu katika maabara yake na kukubali au kukataa.